Ala Isiyo na Kifungo

Ala ya kisu cha kukunja huonekana kazi ndogo. Kisu kikishafungwa, makali yamejificha ndani ya mpini. Hayachani ngozi wala hayamjeruhi aliyekivaa, na mtu anaweza kusema mfuko wa suruali unatosha. Unatosha kwa anayemenya chungwa. Mfugaji aliyembana mbuzi kwa magoti, mkono mmoja umeshika pembe, hana muda wa kuchokora mfukoni. Mvuvi ambaye kamba ya nanga imemzunguka kifundo cha mguu hana hata nafasi ya kutazama chini. Watu hawa wanataka kisu kikae mahali palepale siku zote, kitoke kwa mkono mmoja, macho yakiwa kwenye kazi. Na wanataka kisu hichohicho kisidondoke wakiinama kisimani, wakipanda pikipiki au wakiruka mtaro.

Matakwa hayo mawili yanavutana. Ukikibana kisu kisawasawa, hakitoki upesi. Ukikilegeza, utakiacha njiani. Njia rahisi ya kukwepa mvutano huo ni kuweka kifuniko chenye kifungo cha kubonyeza, na ndivyo ala nyingi za dukani zinavyotengenezwa. Ala ya kuchomolea haraka haina kifuniko, haina kifungo, haina kamba. Kinachokishika kisu ni ngozi yenyewe, iliyofinyangwa ikakauka kwa umbo la kisu kile na si kingine. Nimekaa sana kwenye kibanda cha fundi mmoja katika soko la Kariokor, Nairobi, kati ya mafungu ya makubazi na mikanda, nikimtazama akizitengeneza, na bado sijachoka kutazama.

Kisu ninachotaka kukisimulia ni Okapi. Visu hivi vilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe katika makoloni yake ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumtambua mnyama okapi wa msitu wa Ituri, Kongo. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti, umepinda, na umepigiliwa vipande vya metali vyenye nyota na mwezi. Mgongoni kuna springi ndefu ya chuma yenye pete. Kisu kikifunguliwa, meno ya kufungia hulia moja baada ya jingine, na ili kukifunga lazima uinue springi kwa pete hiyo. Bapa ni la chuma cha kaboni, kwa hiyo linanoleka upesi na linashika kutu upesi vilevile.

Kwa mshona ala, kisu hiki ni mtihani. Mpini uliopinda hautoki kwa mstari ulionyooka, unatoka kwa kuzunguka kidogo. Pete imejitokeza mgongoni. Na kama ilivyo kwa visu vingi vya kukunja, kikifungwa ule upande butu wa bapa hubaki nje ya mpini, ukingo mwembamba wa chuma uliochomoza kwa urefu wote wa tumbo la kisu. Fundi mvivu huviona vitu hivi kuwa kero na kushona mfuko mpana unaovimeza vyote. Fundi hodari anavitumia.

Kazi haianzi kwenye ngozi. Mteja niliyemkuta siku moja pale kibandani, mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Kajiado, alikiweka kisu mezani akaanza kupatana bei. Fundi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, hakukigusa.

“Mzee, kwanza kishike,” alisema. “Kishike unavyokishika ukiwa kazini.”

Mzee akakishika. Akaambiwa akiweke chini, atazame nje, akichukue tena bila kukitazama. Akaambiwa aguse kiuno mahali ambapo mkono wake unafika wenyewe. Fundi alikuwa akitazama kidole gumba kimelala wapi na kiganja kimegeukia upande gani. Kutokana na hayo tu aliamua mambo manne: ala itakaa kiuno cha kulia, itainamia mbele kidogo, upande wa bawaba utakuwa juu, na mpini utabaki nje ya mdomo wa ala kwa upana wa vidole viwili. Kwa mtu wa mkono wa kushoto kila kitu hugeuzwa, na mshono huhama upande. Hakuna ala ya aina hii inayomfaa kila mtu, ndiyo maana sikuwahi kuona nzuri inayouzwa kwa fungu.

Kuiacha bawaba juu kunaiacha pete nayo nje ya ngozi. Mtu asiyejua angefurahi: si hicho ndicho kishikio cha kuvutia? Lakini kuvuta kwa pete ni kuinua springi ileile inayolizuia bapa lisifunguke. Kwa hiyo mdomo wa ala unakatwa kwa mviringo, kipande cha mwezi mchanga pande zote mbili, ili kidole gumba na cha shahada vikutane kwenye mbavu za mpini kabla ya kufika kwenye pete. Mkono haufundishwi kwa maneno. Ngozi imekatwa ili uende panapofaa.

Kisha ndipo ngozi inachaguliwa, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla ya kuanza. Ngozi laini za mikoba na makoti husindikwa kwa chumvi ya kromu. Hazipendi kufinyangwa, uzilowanishe uzibane upendavyo, zikikauka zinarudi zilivyokuwa. Ala inataka ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti. Kwetu Afrika Mashariki magome hayo hutoka kwenye muwati, mti ulioletwa kutoka Australia, ambao gome lake limejaa tanini. Nyanda za juu za Njombe, Tanzania, zina mashamba makubwa ya miwati tangu 1949, na kiwanda chake, na Kenya nayo iliipanda sana upande wa Eldoret. Kipande cha ngozi ya muwati ukikikata, ukingo wake ni wa kahawia toka juu hadi chini. Cha kromu mara nyingi kina rangi ya kijivu au buluu hafifu katikati. Tone la maji likianguka juu ya ngozi ya muwati ambayo haijatiwa rangi wala nta, linazama na kuacha doa jeusi jeusi; fundi wangu hufanya jaribio hilo kwa kidole kilicholambwa, hata muuzaji akimwapia.

Halafu kuna suala la sehemu ya ngozi. Tumboni nyuzi zake ni legevu na zinavutika ovyo. Ala ya tumbo itapanuka mdomo kabla ya mwaka kwisha. Mgongo ni mgumu na imara. Bega liko katikati, linakubali kufinyangwa na halisahau. Unene wa milimita 3 hivi unatosha. Nimeona watu wakidai ngozi nene zaidi kwa kudhani ni imara zaidi, lakini nene mno haishiki mistari ya kisu, inakizunguka tu.

Kiolezo kinakatwa kwa karatasi ngumu, na karatasi hudanganya kwa sababu haina unene. Ngozi ikikunjwa inakula sehemu ya upana wake kwenye mkunjo, na kisu chenyewe kina kimo. Fundi anakilaza kisu juu ya karatasi, anachora, kisha anaongeza kwa jicho kile ambacho kisu na ngozi vitakula. Kitanzi cha mkanda kinashonwa kwanza, ngozi ikiwa bado bapa, maana ala ikishafungwa sindano haina njia ya kuingia ndani. Kinawekwa kwa mshazari, ili kisu kiinamie mbele kwa pembe ile ambayo mkono wa mzee uliionyesha.

Mshono wenyewe ni wa sindano mbili. Mstari unachorwa kwa bikari, milimita chache kutoka ukingoni, uma wa chuma unapita juu yake ukiacha alama zenye nafasi sawa, msharasi unatoboa. Msharasi mzuri una ncha ya pembe nne, si ya mviringo, na unashikwa umeinama, kwa hiyo matundu yanalala kimshazari na mshono ukiisha unaonekana kama vipande vya uzi vilivyoegemeana. Uzi ni wa kitani, umepakwa nta ya nyuki hadi unanata vidoleni, na urefu wake ni mara nne ya mshono. Kila ncha ina sindano. Sindano ya kulia inapita tunduni, ya kushoto inapita tundu lilelile kutoka upande wa pili, kisha mikono yote miwili inavuta pamoja.

Cherehani hufanya kitu tofauti. Uzi wake wa juu na wa chini hukumbatiana katikati ya ngozi, hakuna unaovuka. Uzi mmoja ukilika, mshono unaanza kuachia tundu baada ya tundu. Katika mshono wa mkono kila uzi umevuka kila tundu. Ukikatika mmoja, wa pili umebaki mzima unashika. Kwenye kiatu tofauti hii ni muhimu. Kwenye ala isiyo na kifungo ni muhimu zaidi, kwa sababu mshono ndio nusu ya mshiko: ukiachia kidogo, kisu kinacheza. Fundi akifika mdomoni anarudi nyuma matundu matatu, anakata uzi karibu kabisa na ngozi, na anagonga mshono mzima kwa nyundo nyepesi ili nyuzi zilale.

Mpaka hapa ala ni mfuko tu, bapa, hauna sura. Kisu hakiingii, kinaingia nusu na kukwama. Anayekuja wakati huu angedhani vipimo vimekosewa.

Sasa maji. Ya uvuguvugu, kamwe si ya moto mkali, maana joto kali huifanya ngozi isinyae na kukatika. Mfuko unazamishwa, viputo vinatoka, vikikoma unatolewa na kuachwa. Kusubiri huku ndiko kunakotenganisha mafundi. Ngozi iliyojaa maji inafinyangika kirahisi lakini haishiki umbo. Iliyokauka mno haifinyangiki. Kati ya hizo mbili kuna kipindi kifupi ambapo rangi ya juu imeanza kurudi huku ndani bado kuna unyevu. Fundi anaweka ngozi shavuni. Ikiwa bado ya baridi lakini haimlowanishi, wakati umefika.

Kisu kimekwisha kuviringishwa plastiki nyembamba, na kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ngozi husinyaa kidogo ikikauka, na tabaka za plastiki ndizo zinazopima nafasi: tabaka moja zaidi, kisu kitatoka kwa urahisi zaidi. Ya pili ni kwamba chuma kikigusa ngozi ya muwati iliyo na maji, tanini inakutana na chuma na kuacha doa jeusi ambalo ni gumu kufutika. Hata vumbi la tupa likibaki mezani litaonekana kesho yake katika vidoa vyeusi. Ndiyo maana fundi anafagia meza kwanza, anavua pete yake, na anakata kucha. Ngozi yenye unyevu inahifadhi kila alama, ya makusudi na ya bahati mbaya.

Kisu kinasukumwa ndani taratibu, ngozi inalia, inakubali. Kisha vidole gumba vinaanza. Havikandamizi, vinasukuma ngozi kuelekea kisu, kuanzia katikati kwenda ukingoni, ili ngozi ya ziada itafute pa kwenda. Kwanza tumbo la mpini, pale ulipopinda. Halafu mabega ya bawaba. Halafu ule upande butu wa bapa uliochomoza: anapita nao kwa kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichosuguliwa, mara kumi, mara ishirini, mpaka mstari wake unaonekana nje. Mstari huo watu huusifu kwa uzuri. Kazi yake ni kubwa kuliko uzuri: ngozi iliyoshuka kando ya bapa hulishikilia libaki limefungwa, hata springi ikichakaa, na humfanya mvaaji akae bila wasiwasi.

Mkunjo wa mpini nao unapewa kazi. Ngozi inabanwa zaidi pale mpini unapojipinda kwa ndani, na inaachwa huru kidogo upande wa nje. Kisu kikivutwa moja kwa moja juu, kinakataa. Kikivutwa kwa kuzungushwa mbele, namna kiwiko kinavyojikunja chenyewe, kinafuata mkono. Mtingisho wa kukimbia au kuruka unakwenda juu na chini, haukizungushi. Kwa hiyo kinachokitoa kisu ni mkono wa mwenyewe peke yake. Sijui jambo jingine katika ufundi wa ngozi linalonifurahisha kuliko hili. Bila chuma, bila springi ya ziada, kwa maji na vidole, fundi ameifundisha ngozi kutofautisha mtingisho na mkono.

Wafini walilijua hili zamani. Kisu chao, puukko, hakikunjwi, lakini ala yake inafinyangwa kwa maji na kuumeza mpini karibu wote, haina kifungo, na kisu kinashikwa na ngozi iliyobana mpini. Ndani kuna kijaluba cha mti cha kuikinga ngozi isikatwe na makali. Wamaasai nao hutumia ngozi yenye maji kwa ala ya sime, ila kwa njia nyingine: ngozi mbichi inavutwa juu ya mbao mbili nyembamba, inashonwa, na ikikauka inajibana yenyewe juu ya mti, kisha inapakwa nyekundu. Bapa la sime ni pana karibu na ncha kuliko karibu na mpini, kwa hiyo ala lazima iwe pana tangu mdomoni. Kisu cha kukunja hakihitaji mbao, kwa kuwa makali yamefichwa, na hapo ngozi inapata nafasi ya kugusa kisu chenyewe bila kizuizi. Huo ni uhuru ambao ala nyingi za visu vya kukunja haziutumii kabisa.

Ukaushaji ni kivulini. Jua linakausha ngozi juu kabla ya ndani, na umbo linapinda. Ala inaachwa usiku kucha kisu kikiwa ndani, kinachomolewa na kurudishwa mara moja moja isije ikaganda.

Kingo zinamaliziwa mwisho, na watu wengi wasiojua kazi hutazama hapo kwanza, wala hawakosei. Tabaka mbili za ngozi zinasawazishwa kwa kisu kikali, zinapunguzwa pembe, zinapigwa msasa wa kwaruzo kisha laini. Halafu zinaloweshwa kidogo na kusuguliwa kwa kipande cha mpingo chenye mfereji. Hakuna njia ya mkato. Nyuzi za ngozi zinalala kwa msuguano na joto lake, zinashikana, na baada ya muda mrefu mstari wa kati ya tabaka mbili unapotea. Ukingo unakuwa mmoja, mgumu, wenye kung'aa kama mbegu ya ukwaju. Nta kidogo juu yake, na maji ya mvua hayana pa kuingilia. Chini ya ala kunabaki tundu dogo lililoachwa makusudi, vumbi na maji yatokee hapo.

Mapambo sikuyataja kwa kuwa fundi huyu hayapendi, nami namwunga mkono. Kuchonga maua kwenye ngozi ni ufundi wake mwenyewe na una heshima yake, lakini juu ya ala iliyofinyangwa vizuri maua yanaificha kazi iliyofanywa. Umbo la kisu kilicho ndani ndilo pambo.

Mzee aliporudi kuchukua ala yake, fundi hakuisifu. Alikitia kisu, akaipindua ala, akaitingisha kwa nguvu juu ya meza. Hakikutoka. Akampa mzee aivae. Mzee akatazama nje kuelekea barabarani, mkono ukashuka, na kisu kikawa kiganjani.

“Kinabana kidogo, kijana.”

“Kiache kibane, mzee. Mwezi mmoja kitazoea.”

Ndivyo inavyotakiwa. Ala mpya ikitoa kisu kwa ulaini kamili siku ya kwanza, baada ya msimu mmoja itakiangusha. Ya siku ya kwanza ibane.

Kuitunza si kazi, lakini watu huiharibu kwa upendo. Wanaipaka mafuta kila wiki, na mafuta hulainisha ngozi yote, pamoja na ule ugumu uliopatikana kwa kufinyangwa. Ala iliyonyweshwa mafuta inarudi kuwa mfuko. Nta ya nje inatosha, mara moja moja. Usiku kisu kilale nje ya ala, kimefutwa, hasa pwani ambako hewa ina chumvi: ngozi inashika unyevu, chuma cha kaboni kinaota kutu, na shaba, kisu kikiwa nayo, inaota ukungu wa kijani. Miaka ikipita na mdomo ukilegea, hakuna haja ya kununua nyingine. Unalowanishwa mdomo peke yake, kisu kinaviringishwa plastiki na kurudishwa, vidole gumba vinapita palepale vilipopita mwanzo, na inaachwa kivulini hadi kesho. Uzi ukilika, unafumuliwa na ala inashonwa upya kwa matundu yaleyale.